Kukimbia peku: Bikila hakunidanganya, nilijidanganya mwenyewe

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu miezi minne. Wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana, na hapana. Nilikuwa naumwa mguu wa kulia, na maumivu yenyewe sikuletewa na mtu. Niliyatafuta mwenyewe, kwa bidii, mara nne kwa wiki, alfajiri.

Kisa kilianzia kazini. Mnaofanya kazi vyumba vya habari mnazijua zile saa za usiku ambapo ukurasa wa mbele unamsubiri mheshimiwa mmoja apokee simu, naye hapokei. Usiku huo mwenzetu wa dawati la michezo akatuwekea filamu ya marathoni ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960. Giza limeingia, askari wa Kiitalia wameshika mienge kandokando ya barabara, na katikati yao anapita mtu mwembamba, uso umetulia kana kwamba ametumwa dukani. Miguuni hana kitu. Mwenzangu akanigeukia, akatazama raba zangu nilizotoka kuzinunua kwa laki mbili na ushee, akasema, "Wazee wetu hawakuhitaji hizo."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile likaniingia. Wiki hiyohiyo nikavua raba.

Siku ya kwanza nilikwenda Coco Beach. Maji yalikuwa yamekupwa na mchanga umeshikamana vizuri. Nikakimbia kilometa tatu kama mtoto aliyetoroka shule. Ndugu zangu, ilikuwa raha! Nilirudi nyumbani Sinza nikiwa tayari kuhutubia watu. Kesho yake nikashindwa kushuka kwenye daladala. Vigimbi vilikuwa vimekaza mpaka ikabidi nishuke kinyumenyume, nimeshika mlango kwa mikono miwili, konda ananiuliza kama nimetoka kupooza. Nikapumzika siku mbili, nikarudi.

Wiki ya pili nikahamia kwenye lami, maana nilisoma mahali kwamba lami inafundisha mguu haraka kuliko mchanga. Inafundisha kweli. Nikapata lengelenge chini ya kidole gumba, likapasuka, likaota jingine pembeni yake. Nilikuwa nalitazama kwa fahari, kama medali. Wiki ya tatu nikaamua kwenda kilometa nane, kwa hoja kwamba Bikila alikimbia 42, kwa hiyo nane ni adabu tu. Kwenye kilometa ya sita nikasikia kitu juu ya mguu, katikati, upande wa vidole. Hakikuuma sana, ila kilikuwa kigeni. Nikamaliza zile mbili zilizobaki kwa ubishi. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba, na kiatu cha kazini hakikuingia.

Dada wa fiziotherapia aliyenipokea hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alibonyeza pale juu ya mguu mpaka nikaruka, kisha akaniuliza, "Kaka, umeanza kuvaa viatu lini?"

Nikamwambia tangu nilipoanza kusimama. Mama ana picha yangu nina mwaka mmoja, nimevaa viatu vyenye kengele.

"Na sasa una miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Basi hiyo mifupa ina miaka ishirini na sita ndani ya viatu, wewe umeipa wiki tatu."

Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Akasema ufa wa namna ile mara nyingi hauonekani mwanzoni, na kwa pale nilipoumia hataki kubahatisha. Wiki sita bila kukimbia. Nikakaa. Na mwandishi akikaa bila kazi ya miguu, husoma. Nikaanza kumsoma yule mtu wa kwenye filamu, na kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyozidi kuona aibu.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, Ethiopia. Siku hiyohiyo, kule Los Angeles, watu walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki. (Sisi waandishi tunazipenda sana sadfa za aina hii, nisamehewe.) Ukubwani aliingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akakutana na kocha wa Kiswidi, Onni Niskanen. Hapa ndipo simulizi ya mtaani inapoanza kuchechemea kama mimi. Tunasimulia kana kwamba mchunga mbuzi alichukuliwa porini akasimamishwa kwenye mstari wa kuanzia, akawashinda Wazungu kwa damu ya mababu. Bikila alikuwa na miaka 28. Alikuwa mwanajeshi, ana kocha, ana ratiba ya mazoezi, na kabla ya kupanda ndege kwenda Roma alikuwa amekwisha kukimbia marathoni pale Addis Ababa, mji ulio zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23.

Na viatu alikuwa navyo. Hili ndilo lililonikalisha kitako. Alipofika Roma alinunua viatu vipya vya kukimbilia. Havikumkaa vizuri, vikamtoa malengelenge. Ndipo akaamua kukimbia peku, kwa sababu peku alikuwa amekwisha kuzoea.

Hebu rudia tena sentensi hizo mbili. Mtu ana mbio kubwa kuliko zote za maisha yake, zimebaki siku chache, na kitu kipya kinamchubua. Anachofanya ni kukiondoa kile kipya na kurudi kwenye kile ambacho nyayo zake zinakijua tangu utotoni. Mimi nilitazama filamu ileile nikafanya kinyume chake kabisa. Nilikivua kile ambacho nyayo zangu zinakijua tangu utotoni, nikakumbatia kipya, nikakipeleka mbio kabla hakijazoeleka. Kwa mguu wangu, peku ndiyo iliyokuwa kile kiatu kipya cha Roma. Malengelenge ya Bikila na yangu ni ya ugonjwa mmoja. Tofauti ni kwamba yeye aliyasikiliza.

Mbio zenyewe zilifanyika jioni ya tarehe 10 Septemba 1960. Zilianzia chini ya ngazi za kilima cha Campidoglio na kumalizikia kwenye Tao la Konstantino, jirani na Kolosai. Wakimbiaji walipita mara mbili mbele ya mnara wa Aksum, lile jiwe refu ambalo majeshi ya Mussolini yaliling'oa Ethiopia baada ya uvamizi wa 1935 na kulisimamisha Roma mwaka 1937. Baada ya kilometa 25 hivi walibaki wawili mbele, Bikila na Rhadi ben Abdesselam wa Moroko, bega kwa bega, Waafrika wawili gizani katika mji ule. Walipolikaribia tena lile jiwe, zikiwa zimebaki kama meta 500, Bikila akaondoka. Alimaliza kwa saa 2:15:16.2. Rhadi alikuwa nyuma yake kwa sekunde 25, na rekodi ya dunia ya Sergei Popov wa Urusi ya wakati huo ikavunjwa kwa nane ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo mshindi akaanza kunyoosha viungo, akagusa vidole vya miguu, akakimbia palepale aliposimama. Jiwe lenyewe lilirudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena Aksum mwaka 2008, miaka 35 baada ya Bikila kufariki.

Sasa swali la dawati la michezo: Bikila alikimbia mashindano mangapi ya marathoni peku baada ya Roma? Moja. Mwezi Mei 1961 alishinda marathoni ya Athens bila viatu, basi. Mwezi uliofuata alikuwa Japani, kwenye marathoni ya Mainichi mjini Osaka. Mwenye kiwanda cha viatu, Kihachiro Onitsuka, alimshawishi avae vya kwake, akavaa, akashinda. Kampuni hiyo ndiyo baadaye ikaitwa Asics. Na kuanzia 1964 viatu vyake viliuzwa Marekani na kampuni changa ya Blue Ribbon Sports, ambayo ninyi mnaifahamu kwa jina la Nike. Mwaka huohuo wa 1964, mwezi Oktoba, Bikila alirudi Olimpiki kule Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alikimbia na viatu na soksi, akashinda kwa 2:12:11.2, dakika tatu nzima chini ya muda wa Roma. Rekodi ya dunia tena. Lakini ukimuuliza mtu yeyote mtaani kuhusu Bikila, atakwambia habari ya peku. Habari ya soksi haina ladha.

Sikumalizia hapo, maana nilitaka kujua kuhusu watu wa karibu zaidi. Miaka sita kabla ya Roma, mwezi Julai 1954, Wakenya wawili walisimama uwanja wa White City, London, bila viatu: Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro. Kenya ilikuwa koloni, hali ya hatari ya Mau Mau imepamba moto, na Wazungu wengi siku hizo waliamini kwamba Mwafrika anaweza mbio fupi lakini hana subira ya mbio ndefu. (Ndiyo, mmesoma sawasawa. Leo wanatuambia tumezaliwa nazo.)

Chepkwony alitangulia, maili sita. Alikimbia namna ambayo Waingereza hawakuielewa: anafyatuka, anapunguza, anafyatuka tena. Baada ya mizunguko kama 15 msuli ukamkataa, akatoka. Unaweza kufikiria magazeti ya asubuhi, na unaweza kufikiria basi la kurudi hotelini. Kesho yake ilikuwa zamu ya Maiyoro, maili tatu. Naye alichomoka tangu mwanzo, akawaacha wenzake meta kadhaa wa kadhaa, uwanja ukanguruma. Hatimaye Fred Green na Chris Chataway walimpita na wote wawili wakapewa muda mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mkenya wa peku akawa wa tatu kwa 13:54.8. Mwezi uliofuata, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Vancouver, akawa wa nne. Melbourne 1956 akawa wa saba katika meta 5,000. Roma 1960, michezo ileile ya Bikila, akawa wa sita.

Nimekaa na hizo namba kwa muda. Tatu, nne, saba, sita. Hakuna dhahabu pale. Vijana wa Kenya waliokuja baadaye wakazoa kila kitu, na jina la Maiyoro likabaki kwa wazee wa Kisii na watu wanaopenda kufukua mambo ya kale. Lakini nikijiuliza nani alijifunza kukimbia, kwa maana ya kujifunza, kuanguka mbele za watu, kurudi nyumbani na kuanza upya, namwona yeye na mwenzake aliyetoka mzunguko wa 15 kabla sijamwona shujaa wa mienge. Na tatizo lao halikuwa nyayo. Nyayo zao zilikuwa zimehitimu. Kigeni kilikuwa kasi, umbali wa kule, uwanja na macho ya watu.

Nikampigia simu baba yangu mdogo. Yeye ni mtu wa Mbulu, kwa kina John Stephen Akhwari, yule aliyefika wa mwisho Mexico 1968 na goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda. (Marathoni hiyohiyo ndiyo iliyomshinda Bikila. Alitoka kwenye kilometa ya 17 hivi, mguu unamuuma, na mwaka uliofuata ajali ya gari ikamwondolea uwezo wa kutembea.) Baba mdogo alisoma miaka ya sitini, akitembea peku kwenda shule. Nikamsalimu, nikamweleza habari za mguu wangu, nikamwomba anisimulie raha ya kukimbia bila viatu.

Akanyamaza kidogo, nikadhani salio limekwisha.

"Raha gani, mwanangu?" akasema. "Tulikuwa tunakimbia kwa sababu ya fimbo ya wachelewaji. Asubuhi umande ni baridi mpaka vidole havisikii. Ukijikwaa kwenye jiwe, ukucha unakwenda. Jioni mama anatutoa funza kwa pini. Unasema hiyo siku hizi watu wanalipia?"

Nikamwambia ndiyo, kuna viatu vinavyouzwa bei ghali kwa sababu vinafanana na kutokuwa na viatu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba dada yangu mkubwa, binti yake wa kwanza, alipoandikishwa darasa la kwanza, alimnunulia viatu kabla ya madaftari. Madaftari yangeweza kusubiri.

Hapo ndipo ile kauli ya "wazee wetu hawakuhitaji" iliponitoka mdomoni kabisa. Fikiria Kariakoo. Jina lile linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita Kuu ya Kwanza wabebe mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walikufa katika kazi ile, wengi kwa magonjwa na njaa, na wengi wao walitembea peku mamia ya maili. Askari wa King's African Rifles nao walipiga gwaride peku, miguu imefungwa vitambaa kuanzia kwenye kifundo mpaka gotini na nyayo ziko wazi. Kiatu kilikuwa cha bwana na cha karani. Kilikuwa mpaka. Leo ukitaka raba za mtumba Dar es Salaam unakwenda Kariakoo, na mimi zile za laki mbili nilizinunua palepale, jirani na soko, kisha nikazivua nijisikie Mwafrika zaidi. Sijui wale wapagazi wangenitazamaje.

Tena peku si ya weusi wala maskini peke yao. Zola Budd alikuwa binti wa Kizungu wa Bloemfontein, Afrika Kusini, ambako watoto wengi wa Kizungu hushinda bila viatu. Januari 1984, akiwa na miaka 17, alikimbia meta 5,000 peku kwa 15:01.83, kasi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuifikia, ila rekodi haikukubaliwa kwa sababu nchi yake ilikuwa imetengwa kwa ubaguzi wa rangi. Gazeti la Daily Mail likashughulikia apate uraia wa Uingereza upesiupesi. Agosti mwaka huo, Los Angeles, akagongana na Mary Decker katika fainali ya meta 3,000. Decker akaanguka, uwanja ukazomea, na Budd akamaliza wa saba. Watu wa vitongoji vya weusi kule kwao wakachukua jina lake wakazibandika daladala zao: Zola Budd, kwa mwendo wake.

Sasa turudi kwangu, na kwa wale ambao kosa langu walilifanya kabla yangu, tena kwa maelfu. Mwaka 2009 Christopher McDougall alitoa kitabu chake Born to Run, kuhusu Watarahumara wa Meksiko wanaokimbia milimani masafa ya kutisha. Kitabu kikasomwa sana, na Wamarekani wakavua raba. Wachache waliona kwamba Watarahumara hawakimbii peku. Wanavaa kandambili za mpira wa tairi zilizofungwa kamba, yaani katambuga! Kiatu ambacho kila mtu aliyewahi kufika mnadani anakijua.

Januari 2010 profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliwapima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa, Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na waliozoea raba nene hutua kwa kisigino. Ukitua kwa kisigino peku, kishindo kinapanda mara moja. Ukitua kwa mbele, kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino vinakipokea kishindo na kukipunguza. Vizuri sana, ila ona malipo yake. Kazi haikupotea, imehamishwa. Imetoka kwenye soli ikaenda kwenye kigimbi ambacho hakijawahi kuifanya, na kwenye ile mifupa myembamba iliyo nyuma ya vidole. Ndiyo maana nilishuka daladala kinyumenyume. Tena mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua peku, wakakuta wengi wao wanatua kwa kisigino wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida. Kwa hiyo hata ule mtindo mmoja mtakatifu wa kutua haupo.

Mwaka huohuo wa 2013 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young ambao ningeusoma kwanza ningeokoa nauli ya hospitali. Walichukua wakimbiaji 36 wazoefu. Kumi na tisa waliambiwa wahamie polepole, kwa wiki 10, kwenye vile viatu vya vidole vitano vyenye soli nyembamba, wengine wakabaki na raba zao. Kipimo cha MRI kikaonyesha kwamba 10 kati ya wale 19 walikuwa na majimaji yaliyoongezeka ndani ya mifupa ya mguu, dalili kwamba mfupa umeelemewa. Wiki 10, polepole, watu wazoefu. Mimi wiki tatu! Kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu hivyo, ilishtakiwa mwaka 2012 kwa matangazo ya faida za kiafya zisizothibitishwa, na mwaka 2014 ikakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 3.75 bila kukiri kosa. Baada ya hapo upepo ukageuka kabisa. Soli zikanenepa mpaka Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka kikomo cha milimita 40 mwaka 2020.

Msinielewe vibaya, sijakata tamaa na peku. Mfupa unajijenga ukipewa mzigo kidogo na muda wa kupumzika. Ngozi nayo inaota sugu, na vigimbi vinazoea. Lakini kila kimoja kina kalenda yake. Ngozi ilinizoea kwa wiki mbili, pumzi nilikuwa nayo tangu mwanzo, na hizo mbili ndizo zilizonidanganya kwamba mwili mzima uko tayari. Mfupa haukuwa umeulizwa. Mtoto wa Mbulu miaka ya sitini aliulizwa mifupa yake tangu anajifunza kusimama, kila siku, bila kujua kwamba anaulizwa.

Zilipokwisha wiki sita nikaanza upya. Mwezi wa kwanza yule dada hakuniruhusu kukimbia hata kidogo. Kutembea peku nyumbani, kufagia uwanja peku, kunyanyuka kwa ncha za vidole huku naswaki, kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole vya miguu. Mama alinikuta siku moja nikilifanya hilo la mwisho akauliza kama kazini kuna matatizo. Mwezi wa pili, dakika tano kwenye nyasi, siku moja ndiyo, mbili hapana. Nikakanyaga kizibo cha soda, siku nne nje. Nikarudi tena dakika tano. Ni kazi inayochosha kwa udogo wake. Inauma zaidi kuliko kilometa nane, kwa sababu haina kitu cha kusimulia.

Jumamosi iliyopita nilifika dakika kumi na mbili, kwenye uwanja wa mtaani kwetu, nyasi zimebaki pembeni tu, katikati ni vumbi. Raba zangu za laki mbili nilizishika mkononi kwa sababu kuziacha pale ni kuzigawa. Nilipanga nikimaliza nizivae, niende kilometa nne nyingine kistaarabu. Vijana wadogo walikuwa wanasubiri wenzao waje na mpira. Mmoja, wa miaka minane au tisa, akanitazama nikizunguka mara ya tatu, akaniuliza, "Anko, viatu vinakubana?"

Nikamwambia hapana, najifunza kukimbia.

Akatafakari. Kisha akavua kandambili zake, akazivaa mikononi kama watoto wanavyofanya, akanipita upande wa golini na kupotea nyuma ya kibanda cha chipsi kabla sijamaliza kona.